Makaa ya mawe ndani ya vidonge vya chuma: tusichanganye kazi mbili

Mhariri,

Tangu Bandari ya Tanga ilipoongezewa kina hadi mita 13 na meli kubwa zikaanza kufunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari, kila anayezungumzia viwanda vya mkoa huu huwa na mradi wake wa kupendekeza. Mmoja unaorudiwa sana, katika mabaraza ya Ngamiani na hata katika kurasa za maoni za magazeti yetu, ni ule wa kuleta mtapo wa chuma, yaani mawe yenye chuma ndani yake, kutoka Liganga, wilayani Ludewa, kuusaga na kuufinyanga kuwa vidonge hapa karibu na bandari, na kuuchanganya na makaa ya mawe ya kusini ili vidonge viwe imara zaidi na gharama ya kuvichoma ishuke. Sina ugomvi na ndoto ya kiwanda. Ninachoomba nafasi ya kukieleza ni hicho kipande cha mwisho kuhusu makaa, kwa sababu kinatajwa kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa, ilhali majibu yake hutegemea aina ya mtapo, aina ya makaa, na kazi ambayo makaa hayo yanatumwa kuifanya ndani ya kidonge. Nimestaafu baada ya miaka mingi kwenye tanuri la saruji linalotumia makaa ya mawe, na ninajua jinsi neno "makaa" linavyoweza kuficha vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuviona, vidonge vya chuma ni vijipira vya unga wa mtapo, vyenye upana wa milimita 9 hadi 16. Hutengenezwa kwa sababu mtapo wenye chuma kidogo hauna budi kusagwa hadi uwe laini kama unga wa sembe, au zaidi ya hapo, ndipo chuma kitenganishwe na mawe mengine. Na unga huo ukitiwa moja kwa moja kwenye tanuri refu la kuyeyushia chuma, ambalo hupuliziwa upepo wa moto kutoka chini, utaziba njia ya upepo au kupeperushwa nje pamoja na moshi. Msweden mmoja, A. G. Andersson, alipata hataza ya wazo la vidonge mwaka 1912, lakini ilichukua miongo kadhaa hadi kiwanda kikubwa cha kwanza cha aina hiyo huko Minnesota, Marekani, kilipoanza kazi Silver Bay mwaka 1955. Unga huloweshwa hadi unyevu wa asilimia 9 au 10, hutiwa udongo wa bentonaiti kiasi kisichozidi asilimia moja kwa kawaida ili ushikamane, pengine na chokaa kidogo, kisha huzungushwa kwenye pipa au kwenye sahani kubwa iliyoinamishwa, inayofanya kazi kama ungo mikononi mwa mpepetaji: chembe hubingirika, huokota wenzake, na zile zilizokwisha kukua huja juu na kumwagika ukingoni. Vidonge vibichi hukaushwa, hupashwa moto polepole, halafu huchomwa kwenye nyuzi 1,250 hadi 1,350 za Selsiasi. Kilichoiva vizuri hustahimili mzigo wa takriban kilo 250 kabla ya kupasuka.

Makaa huingia wapi hapo? Tuanze na mtapo wa aina ya hematiti, ambao ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni kadiri kinavyoweza. Hematiti haina joto lake yenyewe la kutoa. Kila jouli inayohitajika kuuivisha lazima itoke kwenye vichomeo vya mafuta au gesi, na joto hilo hupita kutoka nje ya kidonge kwenda ndani, na kutoka juu ya tabaka la vidonge kwenda chini. Matokeo yake ni kwamba vidonge vya juu huiva kupita kiasi na vya chini hubaki vibichi. Ndiyo maana viwanda vingi vya hematiti, vikiwamo vya India na Brazil, huchanganya unga wa anthrasaiti (makaa ya mawe magumu yenye gesi kidogo) au wa koki (makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa gesi ikatoka) kwenye mtapo kabla ya kufinyanga, kiasi cha kati ya nusu asilimia na asilimia moja na nusu ya kaboni. Hizo ni kilo 5 hadi 15 kwa tani. Kaboni hiyo huwaka ndani ya kidonge chenyewe, joto likaenea sawasawa katika tabaka zima, mafuta ya vichomeo yakapungua, na mahali chembe ya makaa ilipokuwa pakabaki kitundu kinachorahisisha kazi ya gesi baadaye ndani ya tanuri la kuyeyusha. Faida hizo ni za kweli na zinajulikana.

Lakini mtapo wa Liganga si hematiti. Ni magnetaiti, chuma chenye oksijeni pungufu kidogo, yenye metali za titani na vanadi ndani yake, na magnetaiti ina tabia ambayo watoa mapendekezo wetu huisahau. Ikipashwa moto penye hewa, hujichukulia oksijeni zaidi na kugeuka kuwa hematiti, na katika kugeuka huko hutoa joto. Tani moja ya magnetaiti safi ikigeuka yote hutoa takriban megajouli 500. Ukichukua makaa ya wastani yenye megajouli 25 kwa kilo, joto hilo ni sawa na la kilo 20 za makaa, yaani zaidi ya kiasi chote ambacho viwanda vya hematiti hulazimika kukiongeza. Mtapo wa Liganga, kwa kuwa sehemu yake ni titani, utatoa pungufu ya hapo, lakini hesabu haibadiliki sana: kidonge cha magnetaiti tayari kimebeba kuni zake. Wasweden wa kampuni ya LKAB, wanaochimba magnetaiti Kiruna na Malmberget, wameujenga ushindani wao kwa miaka mingi juu ya zawadi hiyo ya jiolojia.

Sasa mtu atauliza, na swali lake ni halali: hata kama joto lipo, kuna ubaya gani kuongeza makaa kidogo? Ubaya upo, na unaonekana kwa macho. Chukua kidonge cha magnetaiti kilichochomwa kikiwa na makaa kupita kiasi, ukikate katikati kwa msumeno wa almasi na kukisugua hadi king'ae. Utaona ganda la nje la kijivu chenye wekundu, ambalo ni hematiti iliyokamilika, na ndani yake kiini cheusi cha magnetaiti ambayo haikugeuka. Na mara nyingi kati ya ganda na kiini kuna ufa mwembamba unaozunguka kama pete. Kilichotokea ni kwamba kaboni na magnetaiti ziligombania oksijeni ileile iliyokuwa ikipenya kutoka nje, kaboni ikaiwahi, na kiini kikanyimwa. Baya zaidi, pale ambapo gesi ya kaboni ilizidi, sehemu ya chuma ilirudi nyuma hadi hali yenye oksijeni pungufu zaidi, ikaungana na silika (madini ya mchanga) na kuyeyuka chini ya nyuzi 1,210 au hapo karibu, kabla hata tanuri halijafika kwenye joto lake la kuivisha. Kimiminika hicho huziba vitundu, kiini hujikunja kikiachana na ganda, na kidonge kinachopasuka chini ya mguu wa mtu hakiwezi kuvumilia kupakiwa, kupakuliwa na kurundikwa kwa mita kadhaa ndani ya tanuri.

Sitaki kusema kwamba magnetaiti haipaswi kamwe kuguswa na makaa wakati wa kuchoma. Kuna hali ambazo kiasi kidogo mno, kilichosagwa laini na kuchanganywa vizuri, huweza kusaidia, hasa ikiwa sehemu ya mtapo imekwisha kugeuka hematiti ardhini kwa mvua na hewa, kama inavyotokea kwenye tabaka za juu za mashapo mengi. Ninachosema ni kwamba faida ndogo kama hiyo lazima ipimwe kwa tani, kwa mtapo husika, na kwa makaa husika. Haiwezi kuazimwa kutoka ripoti ya kiwanda cha India kinachochoma hematiti.

Na makaa husika ni yapi? Ya Mchuchuma, Ngaka na Kiwira ni ya aina ya bituminasi. Yanawaka vizuri, na sisi wa saruji tumeyategemea sana, lakini yana gesi nyingi na majivu mengi kuliko anthrasaiti. Gesi hiyo hutoka kwenye makaa yakiwa kati ya nyuzi 350 na 600 hivi. Kwenye tanuri la saruji makaa hupulizwa moja kwa moja ndani ya mwali, kwa hiyo gesi yote huwaka papo hapo na hakuna kinachopotea. Kwenye ukanda wa kukaushia na kupashia vidonge mambo ni tofauti: gesi hutoka mapema, penye ubaridi, kabla ya kufika mahali pa kuwaka, ikachukuliwa na feni na kupelekwa kwenye mabomba na vichujio vya vumbi, ambako sehemu yake huganda kama lami. Aliyewahi kusafisha bomba lililoganda lami ya makaa hahitaji kuelezwa zaidi, na aliyewahi kuona kichujio kikishika moto hatapenda kukiona tena. Ndiyo sababu wazoefu huchagua anthrasaiti au koki kwa kazi hii, zenye gesi kidogo. Kuna na jambo la usagaji: chembe kubwa ya makaa haishiki maji kama mtapo unavyoshika, kwa hiyo hukidhoofisha kidonge kibichi kabla hata hakijaona moto.

Hapo ndipo watu wengi hufunga mjadala na kusema makaa yetu hayafai. Ninapingana nao vilevile, maana kuna kazi ya pili ya makaa ndani ya kidonge, na kwa kazi hiyo mizani yote hugeuka.

Katika kazi ya kwanza makaa ni kuni. Katika kazi ya pili makaa ni kinyang'anyi: yanatakiwa kuivua chuma oksijeni yake, si kuipasha moto tu. Hapo kidonge hufinyangwa kwa unga wa mtapo na unga wa makaa pamoja, kwa kiasi kikubwa, na hakichomwi penye hewa nyingi hata kidogo. Huimarishwa kwa baridi, kwa mfano kwa saruji, kisha huingizwa kwenye tanuri lenye sakafu inayozunguka au lile la pipa refu, ambamo katika nyuzi 1,000 na kuendelea makaa hula oksijeni ya mtapo na kuacha chuma. Kwenye sakafu inayozunguka kazi hiyo huchukua dakika chache tu, kwa sababu kinyang'anyi na kinachonyang'anywa vimekaa bega kwa bega. Wahunzi wa Ugweno, katika milima ya Upare ambayo kwa treni ya Tanga si mbali, waliyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa ya miti na kuwauzia majirani majembe na mikuki zamani sana kabla ya gati lolote kujengwa hapa. Kikemia walichokuwa wakikifanya ni hiki hiki.

Hesabu ya kazi hii ya pili ni rahisi kwa aliyesoma kemia ya sekondari. Kuivua tani moja ya magnetaiti oksijeni yake yote, gesi ikitoka kama monoksidi ya kaboni, huhitaji takriban kilo 207 za kaboni. Kwa makaa yenye kaboni thabiti, ile inayobaki gesi ikishatoka, asilimia 55, hizo ni kilo 375 au zaidi kidogo. Tazama sasa majivu yanavyobadilika uzito. Makaa yenye majivu asilimia 20, yakitiwa kilo 10 kwa tani kama kuni, huongeza kilo 2 tu za uchafu, jambo ambalo mhandisi atalipuuza. Makaa yaleyale yakitiwa kilo 375 huleta kilo 75 za silika na alumina, na kila kilo ya hizo lazima iyeyushwe kwa umeme na kutolewa kama mavi ya chuma, yaani taka ya tanuri. Gesi nayo hugeuka upande: ile iliyokuwa hasara na hatari kwenye ukanda wa kukaushia, ndani ya kidonge cha kazi ya pili husaidia kwa sehemu kuvua oksijeni, ingawa ikitoka kwa kasi mno hupasua kidonge. Kwa maneno mengine, makaa ya kusini hayafai sana pale yanapopigiwa debe, na yanastahili kujaribiwa kwa dhati pale ambapo hakuna anayeyataja.

Njia hiyo ya pili ina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya titani. Mtapo wa Liganga una oksidi ya titani inayozidi asilimia 10. Kwenye tanuri refu la kawaida, titani nyingi huleta mavi mazito yasiyotiririka, na tanuri likaelekea kuziba. Wachina wa Panzhihua wamelimudu tatizo hilo kwa kuchanganya mitapo na kwa uzoefu wa miongo mingi, kwa hiyo haliwezi kuitwa muujiza usiofikika. Lakini wengine walichagua kuanza na makaa: Highveld ya Afrika Kusini, kabla ya kufilisika katikati ya muongo uliopita, ilikuwa ikivua mtapo wake wenye titani na vanadi kwa makaa katika matanuri ya pipa, kisha ikauyeyusha kwa umeme na kukusanya vanadi, na kiwanda cha Glenbrook nchini New Zealand kimekuwa kikifanya jambo linalofanana kwa mchanga mweusi wa ufukweni na makaa ya nchini mwake. Wote wawili hawakutegemea vidonge vya kuchomwa. Upande wa tahadhari, Mesabi Nugget ya Minnesota, iliyofinyanga mtapo na makaa pamoja kwa teknolojia ya Kijapani na kuanza uzalishaji mwaka 2010, ilisimama mwaka 2015. Teknolojia ikiwezekana haimaanishi kwamba inalipa.

Nikirudi Tanga, najua nitakayoyasema hayatawafurahisha jirani zangu. Mradi wa Liganga na Mchuchuma, ambao Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilisaini na kampuni ya China ya Sichuan Hongda mwaka 2011, unatajwa kuwa na mtapo tani milioni 126 na makaa tani milioni 428, vyote ndani ya wilaya moja ya Ludewa. Kuusomba mtapo pamoja na theluthi yake ya makaa zaidi ya kilomita elfu moja hadi hapa, wakati njia fupi ya baharini kwa kusini ni Mtwara, ni kulipia nauli ya majivu na oksijeni. Atakayesema kiwanda cha vidonge kijengwe bandarini kama kile cha Mangalore, India, asome historia yake yote. Kilijengwa kwa ajili ya magnetaiti ya Kudremukh, iliyokuwa ikiletwa kwa bomba. Mgodi ulipofungwa mwishoni mwa mwaka 2005 kwa amri ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kikabaki kutafuta hematiti ya kununua, mtapo usio na joto lake. Hapo ndipo swali la kuongeza kaboni lilipo la lazima, na hapo pia ndipo linapouma mfukoni.

Tunachoweza kukitoa sisi ni kile tulichonacho. Chokaa ya Maweni na Amboni inafaa kwa vidonge kama inavyofaa kwa saruji. Saruji yenyewe ni gundi ya vidonge vya baridi. Na hapa mkoani kuna mafundi ambao wamepima gesi, majivu, salfa na joto la makaa ya kusini kila lori lilipofika, na wanaojua jinsi rundo la makaa hayo linavyojipasha lenyewe likiachwa muda mrefu bila kushindiliwa. Nimesikia pia hoja ya kutumia makaa ya vifuu vya nazi badala ya anthrasaiti. Kwa ubora ni hoja nzuri, majivu ni kidogo sana. Kwa wingi ni ngumu, maana hata asilimia moja ya vidonge tani milioni moja ni tani 10,000 za makaa yaliyokwisha kuchomwa, na minazi yetu haijawahi kuulizwa swali kubwa kiasi hicho.

Anayefikiria soko la nje asisahau kwamba tozo ya kaboni mipakani ya Umoja wa Ulaya, ambayo awamu yake kamili ilianza mwaka 2026, inagusa hata vidonge vya chuma, wala haiishii kwenye nondo na mabati. Makaa tunayoyaingiza ndani ya kidonge yatahesabiwa.

Ombi langu ni kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, shirika la utafiti wa viwanda TIRDO na idara za uhandisi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kabla ya mtu yeyote kuchora ramani ya kiwanda, mtapo wa Liganga ufinyangwe vidonge vya makundi matatu, bila makaa kabisa, kwa makaa ya chini ya asilimia moja, na kwa makaa ya kutosha kuvua oksijeni, kila kundi likitumia makaa ya Mchuchuma na ya Ngaka kando kando. Vipimwe nguvu vikiwa vibichi, vikiwa vikavu na vikiwa vimeiva. Vikatwe na viini vyake vipigwe picha. Salfa na majivu yaandikwe. Na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili mahali ambapo diwani wa Pongwe na diwani wa Ludewa wanaweza kuyasoma. Sampuli hazihitaji meli wala gati. Magunia machache ya mtapo na ya makaa yanatosha kuanzia.

Fundi mstaafu wa tanuri,
Makorora, Tanga